Mbwa Kijana Akiyumba au Kuanguka Baada ya Kukimbia: Fanya Hivi

Labrador wa mwaka mmoja anarushiwa mpira uwanjani. Anaufuata mbio, anarudi nao, anauachia miguuni pako na kubweka urushe tena. Mnaendelea hivyo robo saa. Halafu, wakati anageuka, kiuno kinamwenda upande. Miguu ya nyuma imetanuka, kucha zinakwaruza chini, makalio yanashuka. Macho lakini bado yako kwenye mpira, mkia unachapa, na anajivuta kwa miguu ya mbele ili aufikie. Wengi wakiona hivyo husema kachoka, au jua limempiga, na wapo wanaorusha mpira mara moja zaidi kwa sababu mbwa mwenyewe anautaka.

Huko kurusha mara moja zaidi ndiko kunakoweza kumuua.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeona jambo la namna hiyo kwa mbwa wa kati ya miezi 5 na miaka 3: mbwa anayekula vizuri, mchangamfu, ambaye ghafla analegea akiwa katikati ya mchezo au dakika chache baada yake. Nitakaa zaidi kwenye ugonjwa mmoja wa kurithi unaowapata sana Labrador, kwa kuwa haujulikani sana huku kwetu na unafanana na mambo mengine mengi. Lakini sitaanza nao. Mbwa aliyeanguka haji na jina la ugonjwa shingoni, na dakika kumi za kwanza kazi yako ni ileile, ugonjwa uwe huu au ule.

Hatua ya 1: Simamisha mchezo palepale

Usisubiri aanguke. Dalili ya kwanza ni ndogo: mwendo wa nyuma unakuwa mpana kuliko kawaida, ncha za vidole zinagusa chini kabla ya kanyagio, akikata kona anapepesuka. Ukiiona, mchezo umekwisha. Tia mpira mfukoni. Usimwite kwa shangwe, wala watoto wasimkimbilie. Mfuate wewe, mshike mkanda wa shingoni, mpeleke polepole kivulini au umbebe, kisha mlaze. Kama yuko baharini, ziwani au kwenye bwawa, mtoe majini kabla ya jambo lingine lolote. Mbwa anayelegea miguu akiwa ndani ya maji huzama bila kelele, hata awe muogeleaji hodari.

Usitegemee mbwa akuonyeshe kuwa imetosha. Mwenye ugonjwa huu wa kurithi kwa kawaida hasikii maumivu, na shauku bado imempanda, kwa hiyo ataendelea kujikokota mpaka miguu ya mbele nayo iishiwe nguvu. Wa kusimamisha ni wewe.

Akishalala, kuna mambo watu hufanya kwa nia njema nayo yanamdhuru. Usimmiminie maji wala maziwa mdomoni. Asipoweza kumeza vizuri yataingia mapafuni. Mwekee bakuli karibu, akitaka atakunywa mwenyewe. Usimpe panadol, diklofenaki, ibuprofeni wala dawa yoyote ya watu. Usimfunge mdomo kwa kamba, maana mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema. Na usimnyanyue kwa nguvu ukimlazimisha atembee ili miguu ichangamke.

Tahadhari moja kwetu haiwezi kuachwa. Kama mbwa hana chanjo ya kichaa cha mbwa, au hujui historia yake, na kuyumba kumekuja pamoja na kubadilika kwa tabia, mate kumtoka ovyo, sauti kubadilika au kushindwa kumeza, usitie mkono wako mdomoni mwake kwa sababu yoyote. Mtenge, watu wakae mbali, piga simu kwa daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo.

Hatua ya 2: Fahamu, ufizi, moyo

Mwite jina kwa sauti ya kawaida. Je, anakutazama? Masikio yanageukia sauti yako? Mkia unatikisika? Kumbuka jibu vizuri, kwa sababu litagawa magonjwa katika mafungu mawili kabla hata hujafika kliniki.

Kisha inua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba uone ufizi ulio juu ya chonge. Ufizi wa mbwa mzima ni wa rangi ya waridi na una unyevu. Ubonyeze kwa ncha ya kidole mpaka upauke, achia, hesabu. Rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Labrador weusi na mbwa wengi wa kienyeji wana fizi zenye mabaka meusi. Kwa hao vuta chini kope la jicho utazame rangi ya ndani. Ufizi uliopauka una maana kwamba damu ni pungufu au haifiki. Wa bluu au zambarau unasema hewa haitoshi. Mwekundu uliokolea, na mkavu unaonata, unaelekeza kwenye joto kali. Wa manjano unaonyesha chembe za damu zinavunjwa au ini lina shida, na huku kwetu mara nyingi kisa huanzia kwa kupe.

Jizoeze kufanya hivi siku ambayo mbwa ni mzima, ukiwa umekaa naye barazani. Usipojua waridi ya kawaida ya mbwa wako ikoje, siku ya taharuki hutaweza kusema kama imebadilika.

Mwisho, weka kiganja upande wa kushoto wa kifua, nyuma ya kiwiko. Mbwa aliyetoka mbio moyo wake utadunda kwa kasi, hilo si la kutisha. La kutisha ni mdundo unaoruka na kusimama bila mpangilio, au uliofifia kiasi kwamba huupati.

Hatua ya 3: Joto

Joto la kawaida la mbwa aliyepumzika ni kati ya 38.3 na 39.2. Kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa kinatosha: kipake mafuta, kiingize sentimita 2 hivi kwenye njia ya haja kubwa, subiri kilie. Hiki kiwe cha mbwa peke yake.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata watu wazoefu. Labrador mzima kabisa akikimbizwa kwa nguvu dakika kumi anaweza kupita nyuzi 41, kisha joto likashuka taratibu bila madhara. Kwa hiyo ukipima mbwa aliyeanguka ukakuta 41, namba hiyo peke yake haijakwambia kwamba joto ndilo lililomwangusha. Unachofanya lakini ni kilekile: mpoze.

Mmwagie maji ya bomba mwili mzima, hasa tumboni, kinenani na makwapani, huku mtu mwingine akimpepea kwa kipande cha boksi au kwa feni. Usihangaike kutafuta barafu, dakika utakazopoteza ni za thamani kuliko barafu yenyewe. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, kwa sababu linazuia joto kutoka. Likishuka mpaka 39.5, acha kumwagia, maana litaendelea kushuka lenyewe. Kama hana nafuu, kwanza mpoze, ndipo umpakie garini, madirisha yakiwa wazi au kiyoyozi kikiwaka. Kumkimbiza kliniki mbwa anayechemka bila kumpoza, mkakwama kwenye foleni, ni kumpeleka akiwa ameshaharibika ndani.

Ukanda wa pwani una shida yake. Dar, Tanga au Mombasa, hewa ikiwa na unyevu mwingi, kuhema hakupozi vizuri hata kama jua limeshazama. Mbwa wenye pua fupi, kama Bulldog, Pug na Boxer, hali yao ni mbaya zaidi. Hao wakianguka baada ya mbio, chukulia kuwa ni joto mpaka ithibitike vingine.

Hatua ya 4: Saa na video

Mpaka hapa zimepita dakika chache. Sasa tazama saa, na umwombe aliye karibu awashe kamera ya simu. Ukiwa peke yako, egemeza simu kwenye kiatu.

Sababu ni hii: mbwa wa namna hii akifika kwa daktari huwa ameshapona. Anaingia kliniki akitikisa mkia, anapimwa, kila kitu kizuri, na daktari hana cha kushika zaidi ya maneno yako. Video ya dakika mbili inampa alichokosa. Piga mwili mzima kutoka pembeni ili miguu ionekane jinsi inavyokanyaga, kisha uso, kisha ufizi. Mwite jina wakati unarekodi ili ionekane kama anaitika. Akianza kuinuka, rekodi tena, kwa kuwa namna anavyorudi ni dalili pia.

Andika papo hapo: alikuwa anafanya nini, kwa muda gani, hali ya hewa, alikula saa ngapi, miguu ipi ilitangulia kulegea, joto, na ilichukua dakika ngapi mpaka akatembea sawa.

Nani apelekwe sasa hivi, na nani asubiri mpaka kesho? Ondoka naye mara moja kama alipoteza fahamu hata kwa sekunde chache, kama ufizi umepauka, una bluu au manjano, kama anatapika au kuhara damu, kama kifafa kimemshika zaidi ya dakika 5 au kimerudi tena, kama tumbo limevimba na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, kama kuna dalili ya kung'atwa na nyoka au kula sumu, na kama nusu saa imepita hajaanza kupata nafuu. Akiwa na fahamu muda wote, ufizi wa waridi, na baada ya dakika 20 hivi anatembea kama kawaida, anaweza kulala nyumbani chini ya uangalizi na kuonwa kesho. Kuonwa kesho ni lazima. Kwamba amepona si sababu ya kuliacha lipite.

Hatua ya 5: Soma ulichokiona

Anza na swali la fahamu. Mbwa ambaye hakuwa na fahamu yuko kwenye fungu la moyo au kifafa.

Wa moyo huanguka ghafla katikati ya mbio au msisimko, mwili mzima mlegevu, ufizi umepauka. Baada ya sekunde kadhaa, au dakika moja, anasimama na kutaka kuendelea na mchezo. Kwa jinsi anavyoinuka haraka, watu hulichukulia jambo jepesi, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote katika ukurasa huu. Mbwa kijana anaweza kuzaliwa na mlango wa moyo ulio mwembamba, au mshipa ambao ulitakiwa ujifunge baada ya kuzaliwa ukabaki wazi. Safari inayofuata anaweza asiinuke.

Kifafa mara nyingi huja mbwa akiwa amepumzika au amelala, wala hakihitaji mbio. Mwili hukakamaa, miguu hupiga kama anaogelea, taya hutafuna hewa, mkojo hutoka. Akizinduka anatangatanga, hakujui vizuri, anagonga viti. Huko kuchanganyikiwa baadaye ndiko kunakokitofautisha na kuzimia kwa moyo.

Mbwa aliyekuwa na fahamu muda wote anahitaji maswali zaidi, na kwa mazingira yetu swali la kwanza ni la kupe. Homa ya kupe inayosababishwa na babesia ni kali hasa Afrika, kusini mwa Sahara. Vijidudu huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mwenye mbwa humwona mbwa wake "kaishiwa nguvu akikimbia", lakini ukimdadisi utasikia kwamba ana siku mbili hali vizuri, analala mno, mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa. Minyoo ya safura nayo humnyonya damu mtoto wa mbwa mpaka akashindwa kukimbia mita mia. Tofauti yao na ugonjwa wa Labrador ni kwamba hawa hawarudi wakawa wazima kabisa kati ya tukio na tukio. Kila siku ni mbaya kuliko jana.

Uliza pia amepakwa au kuchomwa nini wiki hiyo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikitumika kwa mbwa bila kipimo humfanya ayumbe, alegee na kutokwa mate. Ivermektini ya sindano iliyopitiliza kipimo hufanya hivyohivyo, na jamii ya Collie wapo wanaozidiwa na kiasi ambacho mbwa wengine hukimudu. Ukimweleza daktari bila kuficha ulichompa, hata kama ulimpa kwa ushauri wa jirani, utamwokolea muda.

Mengine nitayapitia haraka. Watoto wa mbwa wa aina ndogo, na mbwa wa kuwinda waliotoka bila kula, sukari ya damu huweza kushuka wakatetemeka na kulegea. Asali kidogo ikipakwa kwenye ufizi huwarudisha ndani ya dakika chache, ikiwa wanaweza kumeza. Kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu na misuli ambao mbwa huanza matembezi vizuri, hatua zikafupika, akaketi, akipumzika akapata nguvu, akitembea zikaisha tena. Mara nyingi huyo hucheua chakula kizimakizima bila kichefuchefu. Nyonga mbovu humpa mwendo wa kurukaruka wa sungura, na maumivu humjia baadaye akishapoa, si katikati ya mbio. Jeraha la mgongo huuma, na haliponi kwa dakika ishirini.

Anayebaki baada ya kuchuja wote hao ni yule wa mwanzo: kijana, mzima, mwenye fahamu, ufizi wa waridi, aliyelegea nyuma baada ya dakika 5 hadi 20 za mbio zenye msisimko mkubwa, na ndani ya nusu saa akawa kama hakuna kilichotokea.

Ugonjwa wenyewe

Madaktari huuandika kwa herufi tatu, EIC, kifupi cha Kiingereza cha "exercise-induced collapse", yaani kuanguka kunakoletwa na mbio au mazoezi. Ukiomba kipimo, taja herufi hizo. Uligundulika kwanza kwa Labrador wa kazi waliokuwa wakifundishwa kuokota ndege waliowindwa huko Amerika Kaskazini, na kwa miaka mingi uliitwa joto, moyo, sukari, hata uvivu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan nchini Kanada, walionyesha kwamba chanzo ni kosa dogo katika jeni inayoitwa DNM1.

Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo dainamini. Kazi yake nitaieleza kwa mfano wa mama lishe. Neva inapotaka kuamrisha msuli, hutoa kemikali iliyopakiwa kwenye vifuko vidogo sana. Vikishamwagwa, sharti vikusanywe, vijazwe upya, vitumike tena, kama sahani zinavyooshwa na kurudishwa mezani. Dainamini ndiyo mwosha sahani. Asubuhi wateja wakiwa wachache, mwosha sahani mzembe haonekani. Saa saba mchana wakijaa, sahani zinaisha wakati wali bado umejaa sufuriani. Mbwa mwenye kosa hili hutembea, hupanda ngazi na kucheza kidogo bila dosari, kwa kuwa neva zake hazijapewa kazi nzito. Zikipewa amri mfululizo kwa kasi kubwa, na msisimko ukiwa juu, ujumbe unakatika njiani. Misuli yenyewe ni mizima, haijapata amri.

Ndiyo maana wakati wa tukio miguu huwa milegevu, haikakamai, na daktari akigonga goti haliruki. Pia ndiyo maana hali huweza kuendelea kuwa mbaya kwa dakika 3 hadi 5 hata baada ya kumlaza. Usishtuke ukaanza kumnyanyua. Wengi hupona kabisa. Wachache wamekufa, wakiwa bado wanakimbia au mara tu baada ya kusimama, kwa hiyo usimwache peke yake mpaka nusu saa ipite.

Labrador ndio wengi, ila Chesapeake Bay Retriever, Curly-Coated Retriever na Boykin Spaniel nao wamo, na chotara wa Labrador hajasalimika. Border Collie wana ugonjwa wao unaofanana na huu, ambao hautokani na kosa hilo la DNM1, na wao huonekana kupumbaa na kuchanganyikiwa wakati wa tukio, jambo ambalo Labrador hana.

Hatua ya 6: Kwa daktari

Tuma ujumbe kabla hujaenda, ili akupangie muda wa kutosha. Uwe mfupi, wenye yale tu anayoyahitaji:

"Shikamoo daktari. Nina Labrador dume wa miezi 14. Jana saa 11 jioni alikimbiza mpira dakika 12, miguu ya nyuma ikalegea, kisha ya mbele. Fahamu alikuwa nayo, ufizi wa waridi, joto 41.1. Baada ya dakika 20 akatembea vizuri. Ni mara ya pili. Chanjo zote anazo. Wiki iliyopita tulimtoa kupe wawili. Video ninayo."

Ushauri wangu kuhusu mpangilio wa vipimo ni huu: damu na moyo kwanza, jeni baadaye. Tone la damu kwenye kioo, likatazamwa kwa hadubini, linaweza kuonyesha babesia siku hiyohiyo. Wingi wa chembe nyekundu, sukari na chumvi za mwili vipimwe kwenye damu hiyohiyo. Daktari ausikilize moyo mbwa akiwa ametulia, na tena baada ya kutembeatembea. Akisikia mvumo au mdundo usioeleweka, omba rufaa ya kupigwa picha ya moyo. Hospitali za kufundishia, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro au ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, ni mahali pa kuulizia. Sababu ya mpangilio huu ni kwamba Labrador mwenye kosa la DNM1 anaweza pia kuwa na homa ya kupe, na homa ya kupe ndiyo itakayomuua wiki hii.

Katika EIC vipimo hivyo vyote hutoka safi. Hapo ndipo cha jeni kinapohitajika. Hakina maumivu: kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu, au damu kidogo huchukuliwa, kisha hupelekwa maabara, mara nyingi ni ya nje ya nchi, kwa hiyo uliza gharama ya usafirishaji mapema. Mbwa asiwe amekula wala kunyonya muda mfupi kabla. Majibu huja ya aina tatu: safi, mbebaji mwenye nakala moja yenye kosa, au mwenye nakala mbili. Anayeanguka kwa sababu ya EIC ni mwenye nakala mbili. Jibu likisema ni mbebaji tu, na yeye anaanguka, ugonjwa wake ni mwingine; rudini kwenye moyo na damu.

Usikubali mtu akushauri umkimbize mbwa makusudi mpaka aanguke "ili tuone". Video yako na kijiti cha pamba vinatosha.

Hatua ya 7: Kuishi naye

Dawa ya kuuondoa haipo. Hata hivyo mbwa wengi wenye EIC huishi umri wao wote kama mbwa wa nyumbani, mradi watu wa nyumba hiyo wajue kinachomwangusha. Na hapa ndipo wengi hukosea: hupunguza mbio, wakaacha msisimko. Matembezi ya saa nzima kwa kamba, kwa mwendo wa kawaida, humpita salama. Dakika nane za mpira, mbwa wengine wanne wakibweka pembeni na watoto wakishangilia, ndizo zinazomlaza chini. Pima jinsi alivyopandwa na shauku kabla ya kupima umbali.

Kwa hiyo acha kabisa michezo ya kurusha na kuokota mfululizo. Mchezo uwe wa dakika chache, kisha kukaa chini na kutulia mpaka kuhema kukome, ndipo mwendelee. Mtoe kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya jua kupoa. Hali ya baridi haimkingi, ila joto humwongezea hatari. Kuogelea kina kirefu, hapana. Kukimbia nyuma ya baiskeli au pikipiki, hapana. Asinenepe.

Mtu wa kuambiwa kwanza si jirani, ni yule anayeshinda na mbwa: dada au kaka wa kazi, mlinzi wa usiku anayemfungua kutoka bandani, kijana anayelipwa kumtembeza. Mbwa wa nyumba nyingi za mjini hufungiwa mchana kutwa, akifunguliwa usiku anatoka kama mshale, anazunguka uwanja, anakuta paka ukutani. Hali hiyo ina kila kitu kinachohitajika ili aanguke, na wewe umelala. Afadhali afunguliwe kwa kamba, azungushwe taratibu dakika kumi, ndipo aachiwe. Bandika karatasi bandani: "Miguu ya nyuma ikiyumba: mlaze, mpoze kwa maji, usimkimbize, piga namba hii." Andika na namba ya daktari.

Tukio likirudi mara kwa mara hata baada ya kuyafuata haya, rudi kwa daktari. Zipo dawa ambazo zimejaribiwa kupunguza msisimko kwa baadhi ya mbwa, na uamuzi wa kuzitumia, kwa kipimo gani, ni wake.

Hatua ya 8: Kabla ya kuzalisha au kununua

Mbwa huyu asizalishwe bila majibu ya jeni mkononi, dume hali kadhalika jike. Chuo Kikuu cha Minnesota kimetaja wabebaji kuwa kati ya asilimia 30 na 40 ya Labrador, na wabebaji hawaonyeshi dalili hata moja, kwa hiyo kusema "baba na mama yake ni wazima, nimewaona" hakuthibitishi kitu. Wabebaji wawili wakikutana, kila mtoto ana nafasi ya robo ya kuwa na nakala mbili na nusu ya kuwa mbebaji. Mbebaji akipandishwa kwa aliye safi hakuna mtoto atakayeanguka, ingawa baadhi watabeba, nao wapimwe kabla ya kuzalishwa.

Wanaokuja kununua watoto wa Labrador huuliza bei, rangi, chanjo na kama wana cheti cha ukoo. Ongeza swali la tano: "Wazazi wamepimwa EIC? Naomba kuona majibu." Jina la mbwa kwenye majibu lifanane na la kwenye cheti cha ukoo, na kama amewekewa mikrochipu, namba zake zilingane. Muuzaji akikosa majibu, kipimo kinaweza kufanywa kwa mtoto mwenyewe tangu akiwa na wiki chache, na mnaweza kukubaliana gharama yake kabla hujalipa.